Jina la 61

Nilikuwa naita rejista. Jumatatu ya mwezi Machi 2022, zamu ya asubuhi, darasa la kwanza, watoto 143 kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya watoto 45. Nilipofika jina la 61 nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Si kwamba sauti ilikwaruza, wala haikuwa ndogo. Ilitoka hewa tupu, kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Nikakohoa, nikajaribu tena. Hewa. Mtoto wa jina lile, ambaye anajua kabisa anafuata baada ya nani, alishasimama na ananitazama, hajui aseme "nipo" au akae. Mwenzake wa dawati la mbele akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mwalimu, umemeza chura?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mabega yanatikisika tu, sauti hakuna. Wakaona kumbe ni mchezo, wakazidi.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu kuna rafiki yangu wa chuo aliniandikia wiki iliyopita: "Siku hizi mbona hutumi voisi, umekuwa mtu mkubwa?" Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake, nijibu wote.

Niliajiriwa 2013, kwenye shule moja ya msingi huku Mbagala, karibu na Barabara ya Kilwa. Madirisha yana nondo, vioo havijawahi kuwepo, na malori ya Lindi na Mtwara yanapita usiku na mchana. Paa ni bati bila dari. Anayejua bati bila dari mwezi wa masika hahitaji maelezo. Mvua ikianza, ama unyamaze na watoto 143 waanze kupigana, ama upaze sauti kushinda mvua. Mimi nilikuwa nashindana na mvua. Na nilijisifu, maana pale shuleni nilijulikana kama mwalimu mwenye sauti. Nikiwa zamu, sikuhitaji filimbi. Mstarini nilikuwa nasimama kwenye ngazi ya ofisi na watoto wa mwisho kabisa, wale waliojificha nyuma ya mwarobaini, wananisikia.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, darasa langu lilivimba. Ni jambo jema, nimeona watoto waliokuwa wanakaa nyumbani wamekuja shule na yeboyebo miguuni. Lakini darasa la kwanza hufundishi kwa kuandika ubaoni ukakaa. Kusoma, kuandika na kuhesabu vyote vinapita mdomoni: ba, be, bi, bo, bu, watoto waitike, wimbo wa namba, waitike, "kaa chini", "toa kidole puani", "nani kamng'ata mwenzake". Kutwa nzima ni mdomo.

Ofisini kwetu tulikuwa na msemo, "sauti ya Ijumaa". Ikifika Ijumaa mchana walimu nusu wanaongea kama wamekula vumbi, tunacheka, tunapeana tangawizi. Jumamosi unakunywa maji ya moto na asali, Jumapili kanisani unaimba kidogo kidogo, Jumatatu sauti imerudi. Mwaka wa kwanza ilikuwa inarudi Jumamosi asubuhi. Baada ya miaka kadhaa ikawa inarudi Jumapili jioni. Sikuona tatizo. Naona aibu kuandika hivyo, maana mimi ni mwalimu wa hesabu na ule ulikuwa mfuatano ambao hata mtoto wa darasa la nne angekwambia namba inayofuata.

Basi, baada ya ile Jumatatu nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Duka la dawa la kwanza: amoksilini na dawa ya kikohozi. La pili: dawa nyingine ya vidonge vyekundu, na vya kumumunya. Mama mkwe akachemsha karafuu na limau, akanifunika shuka juu ya sufuria nikavuta mvuke mpaka nikajiona nyama ya kuchemshwa. Jirani akasema nimeonewa wivu kwenye kicheni pati niliyoongoza Mbagala Kuu. Wiki tatu zikapita. Sauti ikawa inakuja na kuondoka: asubuhi nakwaruza maneno kama ishirini, saa nne imeisha.

Zahanati wakasema kukauka sauti kwa zaidi ya wiki tatu si jambo la kuchekewa, wakanipima makohozi. Hilo lilikuwa sahihi, kifua kikuu kinaweza kushika hata koo. Ila mtu akikuona umetoka na kile kikopo, habari inafika shuleni kabla yako. Majibu yalikuja safi. Mwenzangu mmoja aliendelea kunikwepa kwenye kikombe cha chai mpaka mwezi wa tano.

Nikapewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi, nikaingia saa saba. Akanipulizia ganzi puani, akasubiri, kisha akapitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaingia puani na kushuka kooni. Machozi yanatoka yenyewe. Akaniambia, "Mwalimu, sema iiiii." Nikasema hicho kilichobaki. Akageuza skrini nione.

Nilitegemea kuona nyuzi kama za zeze, maana huwa tunaziita nyuzi za sauti. Kumbe ni kama midomo miwili midogo, myeupe, imelala ndani ya koo, inafunguka nikivuta pumzi na kufunga nikitoa sauti. Na katikati ya kila mmoja kuna kitu kidogo kimechomoza, kimoja kulia, kimoja kushoto, vinatazamana. Nikijaribu kusema iiii, vile viwili vinagusana kwanza na pembeni hewa inapita bure. Ndiyo ile hewa ya tairi.

"Hizi ni sugu," akasema. "Unalima?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwenye jembe angekuwa nazo mikononi."

Nikawaza viganja vya baba yangu. Sugu hazikumsumbua baba, zilimsaidia kushika mpini. Hizi zangu ziliota mahali pasipotakiwa kuwa pagumu.

Yule daktari alikuwa na subira, akanieleza kwamba mwanamke mzima akiongea, ile midomo inagongana mara 200 hivi kwa sekunde. Mwanamume karibu nusu yake. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari la andalio la somo nikapiga hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza dakika 30. Tuseme naongea nusu yake, dakika 15, ni sekunde 900. Mara 200, ni migongano 180,000. Vipindi sita kwa siku: 1,080,000. Hapo sijamgombeza mtu, na ukipaza sauti inapanda juu, migongano inaongezeka na inakuwa ya nguvu zaidi. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea sifuri. Sikukosea.

Dawa, akasema, ni kunyamaza wiki mbili. Kabisa. Nikanong'ona, "Hata kunong'ona?" Akasema hasa kunong'ona, maana ukinong'ona kwa kujilazimisha unalikaza koo vibaya zaidi. Na niache kujikohoza kila baada ya dakika mbili, ninywe maji, nisile usiku mnene nikalala maana kiungulia kinapanda na kuunguza pale pale. Upasuaji upo, ila ukikatwa ukarudi kushindana na mvua, zinaota upya. Akaniandikia ED, ile karatasi ya kupumzishwa kazini, ya siku 14.

Nikaipeleka shuleni. Aliyeipokea, simtaji, aliisoma mara mbili, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mwalimu, ED ya nini sasa? Miguu unayo, mikono unayo."

Sikuweza kujibu, kwa hiyo akadhani nimekubali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa ugonjwa huu kazini. Ukivunjika mkono kuna plasta nyeupe, watu wanaandika majina yao juu yake. Ukiwa na malaria unatetemeka, watu wanakuonea huruma. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimevaa vizuri, nimejipaka mafuta, sina homa, na kitu pekee ambacho kingeweza kunitetea ndicho kilichokuwa kinaumwa. Shule yetu chaki unasaini kwenye leja. Manila unasaini. Kalamu ya wino mwekundu unasaini, na ikiisha unarudisha ganda. Lakini sauti hujawahi kukabidhiwa na mtu, kwa hiyo ikiisha inaonekana umeipoteza kwa uzembe wako.

Wiki mbili za kunyamaza niliziogopa kwa sababu ya mwanangu, alikuwa na miaka minne. Kumbe yeye alifurahi. Mume wangu naye alisema nyumba imepata utulivu, akacheka, nikamrushia kanga. Tabu ilikuwa nje.

Tabu ya kwanza ni shikamoo. Mtaani kwetu ukimpita mzee bila shikamoo, hasa ukiwa mwalimu, ni habari. Nilijaribu kuinama na kuweka mkono kifuani. Mzee wa kwanza akaniangalia tu. Bibi muuza vitumbua, ambaye ninanunua kwake tangu nihamie, alisubiri, akaona sisemi, akamwambia mteja mwingine bila kushusha sauti: "Mwalimu siku hizi anaringa." Siku iliyofuata niliandika kwenye karatasi DAKTARI AMENIKATAZA KUONGEA, SHIKAMOO BIBI, nikamwonyesha. Akaitazama sana ile karatasi. Hajui kusoma. Mjukuu wake akamsomea, bibi akacheka mpaka akakaa chini, akaniongeza kitumbua kimoja.

Tabu ya pili, daladala. Kushuka lazima useme "shusha". Mimi niligonga chuma cha dirisha na sarafu. Konda hakusikia, muziki umefunguliwa, nikagonga tena, abiria wa pembeni akaniambia dada unaharibu gari la watu. Nilishuka vituo viwili mbele nikarudi kwa miguu. Baada ya hapo nikawa nakaa karibu na mlango na kumvuta konda shati.

Tabu ya tatu, simu. Laini yangu ilifungwa, nikapiga huduma kwa wateja wiki ya tatu, nimeruhusiwa maneno machache. "Karibu baba, nikusaidie nini?" Nikasema ni mwanamke, nikataja jina. "Samahani baba, laini hii imesajiliwa kwa jina la kike." Nikakwaruza tena. Akakata. Simlaumu yule binti, naye ni mtu wa kuuza koo, anajibu simu kutwa na pengine naye ana sauti yake ya Ijumaa.

Pesa je? Mshahara wa serikali haukuguswa, hilo nishukuru, na bima ya afya ililipa kipimo cha kamera. Lakini mwalimu gani wa Dar anaishi kwa mshahara peke yake? Mimi nilikuwa na twisheni jioni, watoto 20 kwenye baraza la jirani, na nilikuwa MC wa kicheni pati. Hapo ndipo nilipokuwa napata hela ya maana, laki mbili kwa shughuli moja, mwezi mzuri shughuli tatu. Nyumba yetu ilikuwa inajengwa na "haya akina mama, vigelegele!" Mwezi wa nne niliwarudishia watu wawili hela ya kianzio. Mmoja akaniuliza kwa meseji kama siwezi kuja tu hivyo hivyo, niongee taratibu. MC aongee taratibu! Tangu hapo sijashika maiki ya shughuli. Matofali yamekaa pale pale kwenye lenta, mbuzi wa jirani anapanda juu yake.

Halafu kuna ile ambayo haiingii kwenye hesabu. Mwaka huo nafasi ya mwalimu wa taaluma ilikuwa wazi na watu walikuwa wananiita "taaluma" hata kabla ya kuteuliwa. Kikao kilipokaa nilikuwa na hoja nne nimeandika. Nilinyoosha mkono. Mwenzangu akasema, "Apumzike huyo, asijiumize." Kwa nia njema kabisa. Hoja ya pili ikapita, ya tatu ikapita, zikasemwa na watu wengine kwa maneno yao. Nafasi akapewa mwingine, anafaa, ni mchapakazi. Niliambiwa pembeni, "Ile kazi inahitaji mtu wa kusikika." Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Pale kliniki nilikwenda mara sita na benchi lilikuwa lile lile, kwa hiyo nikajua watu. Ni benchi la ajabu, watu kumi wamekaa na hakuna stori. Kulikuwa na mpiga debe, kijana wa stendi, aliyekuwa analipwa kwa kila gari linalojaa. Akipoteza sauti anashika chupi za mtumba anatembeza, anasema biashara ya nguo haihitaji kelele siku hizi, unanunua kipaza sauti unarekodi "elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe" unakaa kwenye ndoo. Kulikuwa na muadhini mzee, mtu wa utani, aliniandikia kwenye kiganja kwa kalamu kwamba yeye anapumzika kuanzia Isha hadi Alfajiri tu. Na kulikuwa na dada aliyepasuliwa rovu. Uvimbe ulitoka vizuri, lakini mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita pale pale nyuma ya tezi, wake uliguswa, upande mmoja wa koo ukalala. Alikuwa mapokezi kwenye ofisi moja ya watu binafsi, wakampeleka stoo kuhesabu karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Alizitumia siku 20. Alisema kwa ule upepo wake, "Ningekaa zote ningekuta kiti kina mtu." Kiti alikikuta na mtu hata hivyo.

Yupo mmoja ambaye nilimuogopa nilipomsikia, halafu nikajiona mjinga. Sauti yake ilikuwa inakatika kama simu kwenye mtandao mbovu: ana-ji-ka-mua, neno linabanwa, linaachiwa. Nilidhani analia. Kumbe koo lake halina uvimbe wowote. Ni ubongo unaotuma amri mbovu, misuli inakaza katikati ya neno. Madaktari wanauita spasimodiki disifonia. Alikuwa wakili. Alisema hakimu mmoja alimuuliza kama ana hofu na ushahidi wake.

Mwaka jana tulikuwa ofisini televisheni imewashwa, akatokea Robert F. Kennedy Jr., waziri wa afya wa Marekani, anaongea na sauti ile ile ya yule wakili. Mwalimu wa darasa la sita akasema, "Huyu naye kameza chura." Wote wakanigeukia. Nikawaeleza, wakanyamaza, kisha mmoja akauliza: sasa huyo mbona ni waziri?

Swali zuri. Nimelifikiria sana. Larry Page, mmoja wa wawili walioanzisha Google, nyuzi zake za sauti zimepooza, alieleza mwenyewe hadharani 2013, na akaendelea kuwa bosi. Mtangazaji wa redio wa Marekani Diane Rehm aligundulika na ugonjwa kama wa Kennedy 1998, akakaa bila kutangaza miezi kadhaa, akarudi, akatangaza mpaka mwisho wa 2016 kwa sauti hiyo hiyo inayotetemeka. Alikuwa anachomwa sindano ya Botox kooni, ndiyo, ile ya kuondoa makunyanzi, inalegeza misuli kwa miezi mitatu minne kisha unarudi tena. Hao ni watu ambao wengine wananyamaza ili wao wasikike. Mimi natakiwa kusikika ili watu 143 wanyamaze. Wote koo limegoma, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa.

Nilisoma pia kwamba Poland wameyaweka matatizo ya sauti kwenye orodha ya magonjwa ya kazi, na sugu kama zangu zimetajwa humo, ila uwe umetumia koo kazini si chini ya miaka 15. Nilikuwa na miaka tisa. Ningevumilia sita tu! Brazil wizara ya afya ilitoa mwongozo wa magonjwa ya sauti yanayotokana na kazi mwaka 2018, na ni huko huko Brazil, 1999, walianza kuadhimisha siku ya sauti, Aprili 16, ambayo sasa ni ya dunia nzima. Mwaka huu Aprili 16 niliandika tarehe ubaoni kama kawaida, hakuna aliyeniuliza. Nikanywa maji yangu.

Sasa naishi vipi? Sugu zililainika baada ya kama miezi mitatu, sikupasuliwa. Sauti iliyorudi si ile. Ni nzito, ina kamba kamba, na ina kikomo kama bando: najua asubuhi nina kiasi gani. Nina mrija na chupa. Unaweka maji vidole vitatu, unachovya mrija, unatoa sauti ya "uuuu" ndani yake mapovu yatoke, dakika tano kabla ya kipindi. Inasaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu. Mara ya kwanza mwanangu aliniona akaja na mrija wake, tukatoa mapovu wote wawili mpaka akamwaga chupa kitandani.

Kariakoo nilinunua spika ndogo ya kufunga kiunoni yenye maiki ya kuvaa kichwani, 38,000, hela yangu. Siku ya kwanza ofisi nzima ilisimama: "Machinga wa Karume kaingia! Elfu mbili mbili!" Niliwaacha wacheke. Watoto walitulia dakika kumi nzima kwa mshangao, sijawahi kupata dakika kumi kama zile. Shida ni chaji. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nina spika ya mapambo.

Kwa hiyo nimejifunza njia nyingine. Rejista inaitwa na kiranja, binti mdogo mwenye mapengo mawili, anaita majina yote bila kusoma, ameyashika kichwani, na ukichelewa kuitika anakutazama nilivyokuwa natazama mimi. Nikipiga makofi mawili wanajibu matatu. Nikishika sikio langu, safu inayoniona inashika masikio, inayofuata inashika, mpaka nyuma, halafu kimya. Ilichukua mwezi mzima kuwafundisha. Mvua ikianza sishindani nayo tena. Wanatoa daftari wanachora. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alikuja siku ya mvua akakuta watoto 140 na ushee wanachora mafuriko. Aliandika kitu kwenye fomu yake, sikuona ni nini.

Ijumaa iliyopita spika ilikuwa imezima tangu saa tatu. Watoto wangu wanaandika, kimya kiasi. Ukuta wa darasa la pili mkondo B haufiki kwenye bati, kwa hiyo kila kinachosemwa huko tunakisikia. Ni mwalimu mgeni, binti, ameajiriwa mwaka jana, ana sauti ya mstarini kweli kweli, wanamsifia. Alikuwa anasomesha silabi. "Cha, che, chi..." halafu "cho" haikutoka. Akajikohoza. "Cho." Hewa. Akajikohoza tena, kwa nguvu.

Kiranja wangu akaniangalia.

Mchana nilimkuta ofisini amejiinamia na kikombe cha tangawizi. Nikaweka chupa mezani mbele yake, yenye maji vidole vitatu, na mrija mpya bado uko kwenye karatasi.

"Hii ya nini, dada?" akakwaruza, anacheka. "Ni mafua tu haya. Jumatatu itarudi."